Ushanga wa Akiki na Vichuguu Viwili vya Unga

Ushanga mmoja wa akiki, mdogo kuliko korosho iliyobanguliwa, ulitugharimu vibaba viwili vya unga wa mtama, jogoo mmoja, nauli ya lori kwenda na kurudi, harusi moja, na miaka hamsini na tatu ya salamu fupi. Orodha hiyo nimeihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu chenji, na mara zote harusi ndiyo inayonishinda kuitia bei. Vingine vyote naweza. Jogoo, kwa mfano, aliyemuuza alianzia shilingi tatu nami nikamwonyesha kuwa anachechemea, tukamalizana kwa mbili. Hakuwa anachechemea sana.

Naandika kwa sababu Somoe amefariki. Tumemzika Mandawa, na leo ni siku ya thelathini na moja. Habari za kuzaliwa kwangu na za baba na mama naziruka. Wapo watu wengi waliozaliwa na hakuna anayewauliza. Nitasema habari za mwaka mmoja tu, mwaka wa pili tangu matingatinga yafike Nachingwea kufyeka pori la mradi wa karanga. Wazee walinikadiria miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa nikisema ishirini, maana muuzaji wa miaka kumi na minane hukopwa. Mimi na Somoe tulitoka wote Malolo, tukapanga chumba kimoja Nachingwea, tukawa tunauza uji, vitumbua na mihogo ya kuchemsha kwa watu wa mradi. Walikuwepo Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wangoni, na kila mmoja aliamka na njaa yake. Mihogo tuliinunua kwa watu wa Lionja waliokuja nayo kwa miguu, na ilinibidi niwawahi kabla hawajafika sokoni na kuisikia bei. Somoe alikuwa na mkono, mimi nilikuwa na mdomo. Kitumbua chake kikitoka kwenye chuma kimesimama kama kofia. Mimi nikikiuza kabla hakijapoa. Chumba chetu kilikuwa hatua sita kwa tano, vitanda viwili vya kamba, mafiga matatu mlangoni, na kuta za fito tupu ambazo upepo ulipita bila kubisha hodi. Hata sasa nikiingia chumba chochote kigeni hupima kwa hatua, na watoto hunicheka.

Kuta hizo ndizo zilizotuletea ushanga. Mwenye nyumba alisema tukikandika wenyewe atatupunguzia shilingi moja ya kodi. Nikamwambia mbili, tukaafikiana moja na nusu, udongo juu yetu. Udongo niliuchota mimi, penye shimo ambapo tingatinga lilikuwa limeng'oa mti mkubwa na mizizi yake yote. Ule wa chini kabisa, mwekundu, unaonata. Madebe kumi na moja kichwani. Somoe ndiye aliyekanyaga, sketi kaifunga magotini, huku akinisimulia foronya alizokuwa anazidarizi, kwa kuwa barua ya posa ilikwisha kupokelewa kwao na harusi ilikuwa ifanyike ufuta ukishavunwa. Mchumba aliitwa Athumani, dereva wa trekta pale mradini, kijana mpole ambaye alikuwa akinilipa kitumbua kabla ya kukila, jambo ambalo sijaliona tena kwa dereva yeyote.

Katikati ya foronya ya tatu akasimama. "Fatu, nimekanyaga kitu."

"Kama ni mwiba utoe. Kama ni senti ni yangu."

Haukuwa mwiba. Ulikuwa umejipachika kati ya kidole gumba cha mguu na cha pili. Tuliuosha kwa maji ya kunawia, ukatoka mwekundu wa kaa la moto, na ukiuelekeza kwenye jua unaona mwanga unapita ndani. Ulikuwa na tundu la uzi, na juu yake mistari myeupe. Kila mwisho palikuwa na duara lenye nukta katikati, na baina ya maduara mstari wa pembe-pembe, unaokwenda juu na kurudi chini kama meno ya msumeno. Nilizihesabu pembe: saba upande mmoja. Nikahesabu tena: upande wa pili sita, maana pale ushanga ulikuwa umemeguka.

"Udongo nimeuchota mimi," nikasema.

"Na mguu ni wa nani?"

"Mguu wako ulikuwa ndani ya udongo wangu."

"Na maji je? Maji ya mvua haya."

"Basi na Mungu ana theluthi yake."

Tulicheka mpaka mwenye nyumba akachungulia kuona kama tunakandika au tunacheza. Nalitaja cheko hilo kwa sababu ndilo la mwisho tulilocheka juu ya ushanga ule.

Siku ya pili nilimpelekea sonara, Mhindi aliyekuwa na kiduka cha pembeni. Aliuweka shavuni akafumba macho. Kioo, alinieleza, hupata joto upesi; jiwe hukaa na baridi yake. Akasema hii ni akiki, na kazi ya namna hii inatoka kwao, ng'ambo, kazi ya watu wa zamani sana. Yale maduara, akasema, ni macho: husuda ikikutazama, yenyewe yanaitazama husuda. Akanipa bei ya shilingi arobaini.

"Hayo macho ni mawili," nikamwambia. "Kwa hiyo themanini."

"Binti, hayo ni macho, si mayai."

Tulifika hamsini na tano. Athumani na trekta lake alikuwa hazipati hizo kwa mwezi. Nilipomwambia Somoe, yeye akaendelea kuchekecha unga. "Kitu kilichotoka ardhini hakiuzwi wakubwa hawajakiona," akasema. Nikamuuliza wakubwa watakitia bei gani. Akaongeza unga kwenye chekecheke.

Kabla hatujapata siku ya kwenda nyumbani, Mzungu mmoja mpimaji alikuja kununua vitumbua akauona shingoni mwa Somoe. Alisahau vitumbua. Aliuchora kwenye daftari lake pande zote, akataka kuonyeshwa shimo, nami nikamwonyesha kwa senti hamsini. Mpishi wake, Mmakua mzee kidogo aliyejua lugha ya kila mtu, ndiye aliyetutafsiria. Mzungu anasema, mistari ile haikupakwa rangi. Fundi aliandika kwa magadi, akautia ushanga motoni, na moto ukala pale penye magadi tu, pakabaki peupe milele. Anasema umetembea mkono kwa mkono tangu kabla ya majumba ya mawe ya Kilwa. Nikauliza na maana yake je? Mpishi akasikiliza, akasema: duara ni jua, na pembe ni maji. Kwa mtu aliyeletwa kulima karanga nchi ambayo mvua ilikuwa haimsikilizi, niliona ni tafsiri ya haki. Sonara, aliyeshinda akilinda duka lake, aliona macho. Huyu aliona jua na maji. Mimi, nisifiche, nilikuwa naona hamsini na tano.

Malolo tulikwenda kwa lori mpaka Ruangwa, na kutoka hapo kwa miguu. Tulikuta ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, tukala mkeka mmoja, bibi yangu, bibi yake Somoe aitwaye Bibi Zainabu, na Mjomba Saidi, kaka wa mama yake Somoe, ambaye kwa desturi yetu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya Somoe kuliko baba yake. Koo zetu ni watani, kwa hiyo wale bibi wawili walikuwa hawajawahi kupeana neno jema tangu utoto wao, na walipendana sana. Somoe akafungua pembe ya kanga, akauweka ushanga juu ya kawa.

Kwa msomaji wa leo inabidi niseme kwamba wanawake wa umri ule walikuwa na nembo, chale za usoni walizochanjwa wakiwa wasichana, kila ukoo na mtindo wake. Bibi yangu alikuwa na mstari wa pembe-pembe kwenye paji la uso, kutoka sikio mpaka sikio. Bibi Zainabu alikuwa na duara kila shavu, na nukta katikati. Walikuwa wameishi na nyuso hizo miaka sitini, na sisi tumezitazama tangu kuzaliwa, lakini mimi na Somoe, siku ile ya udongo, hatukukumbuka.

"Huu ni wa kwetu," akasema bibi yangu. "Tazameni. Paji langu hili."

"Paji lako limekunjamana," akasema Bibi Zainabu. "Hizo pembe ni uzee, si nembo. Yatazameni mashavu haya."

"Hayo ni ndui."

"Ndui yenye nukta katikati, umeiona wapi?"

Walitoka uani, kwenye jua, wakakaa bega kwa bega kwenye kinu kilicholazwa, wakainua nyuso. Mjomba Saidi akapita mbele yao na ushanga mkononi, anausogeza kwenye paji, anausogeza kwenye shavu, kama mtu anayelinganisha kitambaa dukani. Alifanya hivyo mara nne. Kila mmoja alikuwa na haki. Somoe akasema polepole, "Basi ni wa wote wawili." Hakuna aliyemgeukia. Nimeishi sokoni maisha yangu yote, na sijaona neno la thamani kama lile likipita bila mnunuzi.

Tulikuwa Waislamu, tukisali na kufunga, lakini jambo likishindikana kwa maneno lilipelekwa kwa unga. Unga wa mtama humiminwa kwa vidole, taratibu, huku majina ya mabibi wa ukoo yakitajwa, mpaka uwe kichuguu chenye kilele. Hufunikwa kwa chungu jua likizama, hufunuliwa asubuhi. Kikiwa kimesimama, wazee wa chini, wale waliokwisha kuzikwa, wameridhia, kikiporomoka, wamekataa. Shauri likakatwa kwamba baada ya siku tatu mimi na Somoe, kwa kuwa ndio tuliouokota, tumimine kila mmoja kwa jina la ukoo wake. Nikajitolea kuleta unga wa pande zote mbili. Wakanisifu.

Sasa sikilizeni biashara yangu. Mtu anayeuza unga anajua kitu ambacho wazee wa chini pengine hawakujua: unga uliotoka kinuni leo, mtama ukiwa umelowekwa, una unyevu wake, unashikana, hata kwenye kibaba unasimama na kilele. Unga uliokaushwa unateleza kama mchanga. Nilitwanga mtama mmoja, kinu kimoja. Kibaba changu nikakiweka chunguni, chungu nikakifunika kwa kitambaa kibichi. Kibaba cha Somoe nikakianika juani siku nzima, na siku ya pili nikakianika tena. Mara mbili, kama kawaida yangu. Wala sikumchukia Somoe. Hesabu yangu ilikuwa hivi: bibi yangu nilimjua, akishinda angepoa, na baada ya mwezi ningemwomba ushanga akanipa, asiyenunulika ni Bibi Zainabu. Ningeuza hamsini na tano, nimpe Somoe ishirini na saba na nusu kwa siri, anunue godoro la harusi. Nilikwisha kulichagua hilo godoro. Sisemi hivi kujitetea, maana hesabu ya mtu haimtetei. Nasema ndiyo iliyokuwepo.

Tulimimina jioni nyuma ya nyumba ya Mjomba Saidi. Jogoo alikwisha kuchinjwa. Somoe alipochota konzi ya kwanza alisita, vidole vikasuguana kidogo, kisha akaendelea, akitaja majina ya mabibi zake kwa sauti ya chini. Chake kilikuwa kizuri tu wakati ule, kipana kidogo kuliko changu. Vikafunikwa.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, vyungu viliinuliwa. Changu kilikuwa na kilele kama kilivyoachwa. Cha Somoe kilikuwa kimelala ubavu, kilele kimeteremka mpaka chini. Hakuna aliyepiga kigelegele, hata bibi yangu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kuna kitu sikukiweka kwenye hesabu. Mimi nilidhani unga unaulizwa habari za ushanga. Wao walijua kwamba unga husema pia habari za mkono uliomimina. Mjomba Saidi alichutama pale.

"Huyu binti amekataliwa," akasema. "Harusi mwaka huu haina njia. Barua ya watu wa Athumani irudishwe."

"Ni ushanga tu, Saidi," akasema bibi yangu.

"Mama, unga haujui kusema nusu."

Somoe hakulia. Alichota kidogo kwenye kile kilichoporomoka, akasugua kwa gumba na kidole cha shahada, akanitazama. Neno lililotakiwa lilikuwa moja: nimeuanika. Nilikuwa na mdomo wa kubishana asubuhi kutwa kwa ajili ya nusu shilingi, na siku ile sikuupata. Nilijiambia kwamba kuchezea tambiko kungemwaibisha bibi yangu, na ni kweli kungemwaibisha. Ukoo wetu ungetozwa mbuzi. Ni kweli pia kwamba mbuzi alikuwa na bei, na ningeweza kumlipa.

"Twende tukaoshe vyungu," Somoe akasema. Tukaenda tukaviosha.

Yaliyofuata hayana mlio mkubwa. Bibi yangu alitunga ushanga kwenye shanga zake za kiunoni, na nilipomwomba baada ya mwezi aliniambia kitu kilichosimamiwa na unga hakiuzwi, kwa hiyo hata ile hamsini na tano sikuiona. Athumani aliendelea kuja kula vitumbua na kulipa kwanza, lakini alikuwa haulizi tena Somoe yuko wapi, maana Somoe alibaki Malolo, na vitumbua nilivipika mwenyewe, bapa kama sahani. Mradi ulipoanza kukunjwa, matrekta yakapangwa mstari yakaota kutu, naye akafuata kazi Mtwara. Sikusikia habari zake tena. Mwaka uliofuata Somoe aliolewa na mjane mmoja wa Mandawa, mtu wa mikorosho na ufuta, si mbaya, mkubwa kwake kwa miaka mingi. Walipata watoto sita. Wa tatu ni Hawa. Tulipokutana misibani Somoe alinisalimu vizuri: hujambo, watoto hawajambo, kwa heri. Nimezihesabu salamu hizo pia.

Mwaka jana alikuja Ruangwa hospitali, akalala kwangu siku mbili. Asubuhi ya pili alinikuta nachekecha unga, akaninyang'anya chekecheke kama zamani. Alikuwa amekonda, lakini mkono ulikuwa ule ule. Akasugua unga kwa vidole.

"Umekauka vizuri," akasema. "Kama ule."

"Ule upi?" Mimi nauliza hivyo, mtu mzima, mwenye mvi.

"Fatu. Mkono wangu umekoroga uji wako na vitumbua vyako miaka miwili. Ulidhani haujui unga ulioanikwa?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

Ushanga ulikuwa chumba cha pili, kwenye kopo la majani ya chai, maana bibi alipofariki ulinifikia mimi. Hatua tisa kwenda, tisa kurudi. Nikasema, "Chai inapoa." Akainywa. Akaondoka na gari la asubuhi, na baada ya miezi saba wakanipigia simu nije kuzika.

Msibani Hawa alinivuta pembeni. Ana mashavu ya Bibi Zainabu, bila nembo. Akasema, "Mama mkubwa, marehemu alitukataza kuudai ule ushanga wa hadithi. Alisema, mwacheni Fatu, atauleta mwenyewe." Hajui zaidi ya hapo. Anaamini tuliushinda kwa haki na kwamba mama yake alikuwa akitania kimtani.

Ushanga niko tayari kuupeleka. Si huo unaonilemea. Nikiupeleka kimya, Hawa atashukuru, na kushukuriwa kwa kitu nilichokiiba ni wizi wa pili. Nikisema, nitakuwa namwambia mtu aliyefiwa kwamba mama yake aliolewa Mandawa kwa sababu mimi nilitandaza mkeka juani. Kwamba baba yake alipatikana kwa unga mkavu, na yeye pia, na ndugu zake watano. Somoe alisubiri neno, lakini hilo neno lilikuwa lake yeye, na aliyebaki kulipokea ni mtu ambaye asingezaliwa kama ningelisema kwa wakati. Nimeligeuza kila upande kama Mjomba Saidi na ule ushanga, paji, shavu, paji, shavu, na kila upande una haki.

Arobaini ni Alhamisi ya wiki ijayo. Zimebaki siku tisa. Nimezihesabu mara mbili. Sijawahi kumuuliza mnunuzi bei, leo nauliza. Wewe unayesoma, kama umewahi kurudisha kitu cha namna hii kwa mtoto wa uliyemdhulumu, niambie kabla sijapanda gari: ulianza na kitu, au ulianza na neno?